Nilinunua paini albino, kumbe ni bulusneki

Nyoka wangu ana mabaka 53 mgongoni. Nimehesabu mara tatu. Mara ya kwanza akiwa anatembea juu ya zulia, hiyo msijaribu, mtahesabu mpaka kesho. Ya pili na ya tatu nilimpiga picha kutoka juu nikaizuum kwenye simu, kila baka naliwekea nukta nyekundu, kuanzia shingoni mpaka usawa wa tundu la haja, mkia hauhesabiwi. 53, basi. Na hapo ndo nikajua nimepigwa, niliuziwa paini, yaani nyoka wa misonobari, kumbe ni bulusneki, nyoka binamu yake.

Wanaonifuata toka zamani mnamjua Kachumbari, yule nyoka wangu albino mweupe mwenye mabaka ya machungwa na pinki, nilimtoa kwenye ekspo ya reptilia huku Ohio akiwa mdogo kama penseli nene. Kwenye kikopo chake kulikuwa na lebo imeandikwa paini wa kaskazini, albino, nami nikalipa hela ya paini bila hata swali moja. Ujinga wangu, nilimuangalia rangi nikamaliza.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini rangi haitoshi. Hawa paini, Pituophis melanoleucus, wana nususpishi tatu zinazotambulika, yaani makundi matatu ndani ya spishi moja. Hilo jina lenyewe ni Kigiriki, la mwisho maana yake mweusi-mweupe, na paini wa kaskazini kweli ndivyo alivyo, ngozi nyeupe au krimu, mabaka meusi tii upande wa kichwani halafu kadiri unavyoshuka mkiani yanageuka kahawia. Anatoka New Jersey kwenye ule msitu wa mchanga unaoitwa Pine Barrens, halafu kuna pengo kubwa unamkuta tena kuanzia Virginia kushuka Carolina mbili, Tennessee, Georgia mpaka Alabama. Wale wa New Jersey wafugaji wanawapenda sana kwa weupe wao, na jike huko anachimba mwenyewe shimo la kutagia kwenye mchanga, jambo ambalo nyoka wengi hawana habari nalo.

Wa pili ni wa Florida, mugitus. Huyu kama shati lililofuliwa mara mia, rangi ya kutu au ya mchanga, mabaka ya mbele huyaoni vizuri mpaka ufike nusu ya mwili. Jina ni la Kilatini, maana yake mlio wa ng'ombe, kwa sababu ya kelele zao. Na kelele wanazo wote jamani! Ndani ya mdomo, mbele ya bomba la hewa, wana kigegedu kinachosimama, pumzi ikipita kinatetemeka. Mara ya kwanza Kachumbari kunifanyia hivyo nilidhani nina kifutu ndani ya nyumba, nilipanda kitandani na viatu.

Wa tatu ndo mweusi, lodingi, wa kusini mwa Mississippi na kusini magharibi ya Alabama, alielezwa kisayansi mwaka 1924. Mkubwa anakuwa mweusi au kahawia iliyokolea karibu mwili mzima, puani na midomoni ana wekundu wa kutu. Lakini watoto wake wanakuwa na mabaka hafifu unayoyaona ukiwamulika, yanapotea wakikua, kwa hiyo mtu akikuuzia kitoto chenye mabaka akasema ni mweusi anaweza akawa mkweli kabisa, na mwingine akikuuzia mweusi mweusi hivi anaweza akawa ni chotara, maana kule mashariki ya eneo lake, kwenye mpaka wa Alabama na Florida, weusi na wa Florida wanakutana wanazaana wenyewe porini na utapata kila rangi ya katikati. Huyo utamwita nani? Mimi naona mwite chotara basi, asiumie mtu. Ila kabla ya kutoa hela kwa mweusi soma sheria kwanza, toka 2015 serikali ya Marekani imemweka kwenye orodha ya wanaotishiwa kutoweka.

Yule wa Louisiana watu wanamchanganya humu humu lakini siku hizi anahesabiwa spishi yake, Pituophis ruthveni. Mabaka yake ni 28 mpaka 42, na ya mbele hayafanani na ya nyuma hata kidogo, utadhani wameunganisha nyoka wawili. Anataga mayai machache, matatu mpaka matano hivi, ila makubwa balaa.

Haya, turudi kwa Kachumbari. Albino sio nususpishi, ni mofu tu, aina ya rangi, yaani jeni ya urithi imezima weusi, mabaka yanabaki pale pale ila yanakuwa machungwa, na macho mekundu. Inatokea kwa paini, inatokea kwa bulusneki ambaye ni binamu yao wa nyanda za katikati, na ukishaondoa weusi umeondoa karibu kila kitu ambacho jicho lilikuwa linategemea, ule mteremko wa meusi kwenda kahawia haupo tena. Kinachobaki ni idadi. Bulusneki ana mabaka 41 au zaidi, paini ana machache na mapana. 53 haina ubishi.

Isipokuwa ubishi upo kidogo, maana bulu na paini wanazalishana na watoto wao wanazaa vizuri tu, so siwezi kuapa kwamba hakuna bibi paini mahali fulani.

Nilimpigia muuzaji, akasema yeye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Wazazi? Hajui. Hicho ndo ningeuliza mwanzo, picha za wazazi na wametoka ukoo wa wapi. Akajaribu kunituliza na ofa ya paini wa rangi ya kawaida, asilimia 66 heti albino, heti ni yule aliyebeba jeni ya ualbino bila kuionyesha. Maana yake wazazi wote wawili wameibeba jeni hiyo bila kuionyesha, robo ya watoto wanatoka albino, na katika wale wa kawaida wawili kati ya watatu wameibeba ila huwezi kumjua yupi. Yaani niongeze bahati nasibu juu ya hasara. Nikamwambia asante kaka.

Mama kwenye video call hajali hata kidogo, kwake wote ni koboko na mimi nimerogwa. Lebo ya kwenye tanki nimeibandua, nimeandika bulusneki kwa maka peni. Chini yake, kwa herufi ndogo: labda.