Siku baba alipokagua mahandaki ya Stockholm

Februari ya 2014 baba alikuja kunitembelea Stockholm akiwa na koti la mtumba alilochaguliwa na shangazi pale Kariakoo. Koti zito kweli, lakini la mvua. Siku ya tatu tulitoka kwenda mjini. Kutoka kwangu Tensta mpaka kituo cha treni ni mwendo wa dakika tano tu, lakini katikati ya njia alisimama kwenye theluji, akaziba masikio kwa viganja.

"Mama," akaniita. Ananiita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Hii siyo baridi. Hii ni kesi ya kupeleka polisi."

Mipango yangu yote ya kumtembeza kandokando ya maji na kumwonyesha nyumba ya mfalme ikafia hapo. Kumrudisha ndani akashinde anatazama televisheni ya lugha asiyoijua sikutaka, kwani likizo niliyokuwa nimeomba kazini ilikuwa ya siku nne tu. Nikanunua tiketi mbili za saa 24, nikamwambia leo tutashinda chini kwa chini, huko hakuna upepo. Wenyeji husema treni yao ya chini ya ardhi ndiyo jumba la sanaa refu kuliko yote duniani: vituo 100, na zaidi ya 90 vina kazi za wasanii. Mimi nilikuwa nimeishi pale miaka minne, napita kwenye jumba hilo kila alfajiri nikiwahi zamu kwa wazee, macho yote kwenye simu.

Lazima niseme kidogo kuhusu baba. Sisi ni watu wa Kidatu. Yeye, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alichukuliwa kibarua wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, akapelekwa juu kule kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima ilikataa kupitwa pembeni ikabidi itobolewe. Alibeba kifusi, kisha akapandishwa kwenye kushika mashine ya kutoboa mwamba. Nyumbani alikuwa akilitaja hilo kama mtu anavyotaja kwamba aliwahi kuugua surua. Sikuwahi kumuuliza zaidi.

Kwa hiyo nilipomshusha kwenye ngazi za umeme za Tensta nikitegemea atatazama michoro, yeye alitazama dari.

"Hawakupiga lipu."

Kweli, hawakupiga. Vituo vya njia ya buluu, ambavyo vingi vilifunguliwa mwaka 1975, vimelipuliwa ndani ya mwamba, kisha mwamba ukapulizwa zege jembamba na kuachwa na mabonde yake. Halafu wakaitwa wachoraji. Baba alivua glavu, akapapasa ukuta, akanionyesha mahali baruti ilipokula zaidi ya ilivyotakiwa. "Hapa waliweka nyingi," akasema, kama anayemsema jirani.

Ndipo akauliza yale maneno ukutani ni ya nini. Nikaona haya, maana sikuwa nimewahi kuyasoma. Aliyepamba Tensta ni Helga Henschen. Alichora majani, ndege na wanyama, akaiita kazi yake waridi kwa wahamiaji, na neno moja likaandikwa kwa lugha 18. Kwa Kiswidi ni *syskonskap*. Nikamweleza kwamba *syskon* kwao ni kaka au dada, haijalishi ni wa kiume au wa kike.

"Basi si ni ndugu tu," akasema. "Udugu. Mbona unazunguka?"

Nimesoma kozi za Kiswidi kwa miezi mingi, na hakuna mwalimu aliyenifundisha neno kwa wepisi ule. Akaendelea kusimulia, treni ikija na kuondoka, jinsi zamani kila mtu alivyokuwa Ndugu, mpaka afisa aliyekuja kukusanya madeni.

Tulibadilisha treni Västra skogen, tukaenda Solna centrum. Hapo nilikuwa na uhakika atashangaa, kwa sababu kila mgeni hushangaa: pango zima, tangu kichwani mwako mpaka mwisho wa jukwaa, ni jekundu kama moto, na chini yake kuna msitu wa kijani unaokimbia pande zote mbili kwa karibu kilomita nzima. Karl-Olov Björk na Anders Åberg walichora mambo yaliyowasumbua Waswidi miaka ya sabini, vijiji kuhamwa na misitu kumalizwa. Watu wengi huona machweo. Baba aliingia, akatazama juu, akanusa.

"Wanachoma miwa."

Nilicheka mpaka mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akageuka. Lakini alikuwa na haki yake. Jioni za Kidatu, mashamba yakichomwa kabla ya kuvunwa, mbingu huwa vilevile, na asubuhi tulikuwa tukifagia masizi uani. Tangu siku ile siwezi kupita Solna bila kusikia harufu ya miwa.

T-Centralen tuliifikia saa saba hivi, tukanywa chai ya chupa niliyobeba. Jukwaa la buluu pale ni kazi ya Per Olof Ultvedt: majani makubwa ya buluu yanatambaa juu ya kuta nyeupe, rangi iliyochaguliwa ili ituliize watu wenye haraka. Lakini sehemu moja hakuna majani. Kuna vivuli vya watu, mmoja anachomelea, wengine wamebeba vifaa. Ni mafundi na vibarua waliokuwa wakikijenga kituo chenyewe.

Baba aliwakagua mmoja mmoja, kama nyapara anayehesabu watu wake asubuhi. Kisha akasogea ukutani, akainua mikono kana kwamba ameshika mashine ya kutobolea, akasimama kati yao. Hakusema nimpige picha. Nilipiga tu. Imetoka na ukungu kwa sababu mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na ndiyo iliyoko sebuleni Kidatu hivi sasa.

Kungsträdgården, mwisho wa njia, alikipenda kwa sababu zake. Wengine hupenda masanamu na mabaki ya kasri la Makalös lililoungua mwaka 1825, ambayo msanii Ulrik Samuelson aliyapanga kama magofu yaliyofukuliwa. Baba alipenda kwamba pale mwamba umeachwa uchi na maji yanachuruzika. Nilimwambia wataalamu wamekuta humo buibui wadogo ambao hawajaonekana popote pengine Uswidi. "Na yeye kaletwa na mkataba," akasema, akainama kutafuta mfereji. Hakuondoka mpaka alipoona maji yanakokwenda.

Miguu ilikuwa imemchoka. Nilitaka turudi, lakini kituo kimoja tu kutoka T-Centralen kwa njia nyekundu kuna Östermalmstorg, nikambembeleza. Huko hakuna rangi. Siri Derkert, aliyezaliwa mwaka 1888, alichora kwenye zege lenyewe kwa kulikwaruza na mchanga unaopulizwa kwa nguvu, na kituo kilipofunguliwa mwaka 1965 alikuwa na miaka 76. Kuna wanawake wanaocheza, nota za muziki, na majina mengi ya waliopigania haki na amani. Yeye na mchoraji mwenzake Vera Nilsson walikuwa miongoni mwa waliodai mapema sanaa iingie kwenye vituo hivi. Nilikuwa namweleza baba hayo yote, nikaona hasikilizi. Amevua glavu tena. Kidole chake kilikuwa ndani ya herufi moja, kinaifuata.

"Na mimi niliandika," akasema.

Mwaka 1972, ndani ya handaki, ukuta umemwagwa zege jioni ile na bado laini, alichukua msumari akaandika jina lake na la bibi, yule mama yake niliyerithi jina. Bibi alikuwa ndiyo kwanza amefariki Kidatu, na habari ilimfikia amekwisha zikwa. Aliandika herufi kubwa, chini, karibu na reli itakapopita.

"Bado lipo?" nikauliza.

"Usiku sikulala. Nikasema kesho wataona, watanifukuza. Alfajiri nikaenda na mwiko kabla ya wenzangu, nikalisawazisha mwenyewe."

Alisema hivyo huku kidole kikiendelea kufuata ile herufi mpaka mwisho wake. Kisha akaniomba nimsomee majina. Nikaanza upande wa kushoto, mengine nikiyatamka vibaya, naye akiyarudia vibaya zaidi. Treni ikaja ikaondoka. Ya pili vilevile. Tulipanda ya tatu.