Siku Moja Maishani Mwangu: Kumpa Mgongo Mhusika wa Katuni

Saa 12 asubuhi

Kazi yangu ni kutengeneza midoli ya wahusika wa katuni, ile midogo yenye viungo ambayo wanunuzi wake wengi ni watu wazima wanaoipanga kabatini na kuitunza, nami naifanyia katika chumba cha uani hapa Chikongola, mjini Mtwara. Mhusika aliyeko mezani kwa sasa ni komba aliyebuniwa na kijana mchoraji wa Lindi kwa kumfuata komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi ambaye makazi yake yamebaki katika vipande vichache vya misitu ya pwani, ukiwemo ule wa Rondo mkoani Lindi. Kwenye michoro ana macho makubwa yanayogusana, masikio mapana, mikono myembamba na mkia wenye manyoya yaliyotawanyika pande zote.

Kabla ya kugusa chochote hutazama kipimo cha unyevu kilichoning'inia ukutani, kwa sababu rezini ya poliuritheni ninayoimimina, yaani plastiki ya vimiminika viwili ambavyo vikichanganywa huganda, haipatani na maji hata kidogo. Mojawapo ya vimiminika vyake viwili, kile chenye isosayaneti, kikikutana na mvuke wa maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo hunaswa ndani ya kitu kinachoganda ikiwa mapovu. Mkono mwembamba wenye povu moja kifundoni hukatika siku ya kwanza unapokunjwa. Hapa pwani hewa hubeba unyevu mwingi zaidi alfajiri na hukauka kiasi jua linapopanda, lakini jua hilohilo huleta joto linaloharakisha kuganda, hivi kwamba mchanganyiko huanza kuwa mzito kabla haujafika kwenye ncha za vidole. Kwa hiyo simimini alfajiri wala singoji adhuhuri: naanza kwa kukausha kalibu, yale maumbo yenye uwazi ninamomimina rezini, ndani ya sanduku lenye taa ya joto, kisha naendelea na shughuli nyingine mpaka saa nne.

Saa 1 na nusu

Muda huu wa utulivu ni wa kutazama michoro iliyobandikwa ukutani, na kwangu mimi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, ngumu kuliko rezini na rangi. Mchoraji wa katuni humwonyesha mhusika wake kwa upande anaoutaka, na anapomgeuza hubadilisha sheria za mwili wake bila mtazamaji kugundua. Mickey Mouse, aliyeonekana sinemani tangu mwaka 1928, ndiye mfano ulio wazi: akitazama mbele masikio yake ni duara mbili, na akigeuka ubavu yanaendelea kuwa duara mbili, jambo lisilowezekana kwa masikio yaliyoshikamana na fuvu. Peppa Pig, katuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 2004, huchorwa kwa ubavu huku macho yote mawili yakiwa upande mmoja wa uso. Kwenye skrini hakuna anayelalamika, kwa sababu jicho la mtazamaji linapokea upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Mnunuzi aliyeshika sanamu mkononi, kinyume chake, ataizungusha, na kila upande utamtaka fundi jibu ambalo mchoraji hakuwahi kulazimika kulitoa.

Komba wetu ana tatizo hilohilo. Katika mchoro wa mbele masikio yake yanaanzia juu ya macho. Katika mchoro wa ubavu yamesogea hadi karibu na kisogo, na bado mapana vilevile. Nimeamua kufuata mkao wa kati, ule ambao uso unageuka robo tu, kwa kuwa ndivyo sanamu nyingi huwekwa rafuni na ndivyo mtu anavyoiona anapoingia chumbani. Masikio nimeyaweka katikati ya sehemu hizo mbili na kuyainamisha nje, ili yaonekane mapana kwa mbele na kwa robo, huku nikikubali kwamba kwa ubavu kamili yatapungua. Wapo mafundi wanaotaka kuridhisha kila upande, na matokeo yake huwa kichwa kisichofanana na mhusika kwa upande wowote. Naona ni heri kupoteza upande mmoja kwa makusudi.

Mgongo, kwa upande wake, haukuwepo kabisa. Mchoraji hakuwa amewahi kumchora komba kwa nyuma, wala hakujua mkia unaanzia wapi hasa, kiunoni au chini yake. Si kosa lake. Hadithi zake hazikuhitaji. Tuliandikiana kuhusu jambo hili kwa muda mrefu, na mgongo uliopatikana ni wetu sote wawili.

Saa 4 asubuhi

Kijana anayenisaidia amefika na tunamimina. Yeye anapima kwa mizani, mimi nachanganya polepole nisiingize hewa, kisha makopo yanafungwa papo hapo ili yasivute unyevu. Kalibu zikishajaa huingizwa katika sufuria ya chuma iliyounganishwa na kompresa, mashine ya kusukuma hewa, ambamo mgandamizo huyabana mapovu yaliyobaki mpaka yasionekane kwa macho.

"Dada, kwa nini tusichonge kalibu ya chuma tukamaliza?" ananiuliza huku akikaza kifuniko.

Swali lake ni la haki. Viwanda vikubwa humiminia plastiki kwa shinikizo ndani ya kalibu za chuma, na kalibu hizo huvumilia maelfu ya nakala, lakini gharama ya kuzichonga hulipika pale tu nakala zinapokuwa maelfu. Kalibu yetu ya silikoni, ambayo ni aina ya mpira, hutoa nakala makumi machache, kisha huanza kuchanika kwenye kingo. Ina faida moja ambayo chuma hakina: ni laini, hujikunja, kwa hiyo naweza kutoa umbo lenye mashimo na mapindo ambalo katika chuma lingelazimika kukatwa vipande vingi. Nimemwonya pia, kwa mara nyingine, kwamba umbo mama, lile la kwanza lililochapwa kwa printa ya pande tatu ili kalibu itengenezwe juu yake, lioshwe na kuanikwa kwenye mwanga vya kutosha kabla ya kumwagiwa silikoni, kwa sababu mabaki ya rezini ya printa huzuia silikoni inayogandishwa kwa platinamu isigande, na hapo umbo mama huwa limefunikwa na uji unaonata.

Saa 6 mchana

Natembea hadi kwa mzee mchongaji anayefanya kazi chini ya mwembe mitaa miwili kutoka kwangu, nikiwa na umbo la udongo ndani ya kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta tena mnyama wako?"

Anaweka tezo chini, anamchukua komba na kumgeuza kichwa chini, miguu juu. Wachongaji wa Kimakonde wamezoea kufikiri kwa kuzunguka: nguzo ya ujamaa, yenye watu waliopandana kutoka chini hadi juu katika gogo moja la mpingo, haina upande wa nyuma, kwa kuwa kila upande una mtu wake. Mzee huyu hajawahi kuitazama katuni hii, na ndiyo sababu hasa ninamwendea, kwa maana jicho lake halidanganywi na kumbukumbu ya mchoro.

Anamnyanyua kuelekea mwangani mpaka sura yote inapotea na kubaki umbo jeusi tu. "Hapa," anasema, akigusa pale shingo inapokutana na mabega, "kwa nyuma amekuwa mtu mwingine. Kwa mbele ni mwoga, kwa nyuma ni mbabe." Ni kweli. Nilikuwa nimejaza nyama nyuma ya shingo ili ihimili kichwa, na unene ule umemwondolea tabia yake. Mhusika wa katuni hutambulika kwa mzunguko wa nje wa umbo lake kabla hata macho na mdomo havijaonekana, na mzunguko huo ukibadilika, rangi hata iwe nzuri kiasi gani haitamrudisha.

Kichwa chenyewe ni kizito kuliko kiwiliwili, na miguu ni midogo, hivyo sanamu ya sentimita 15 huanguka kifudifudi. Tumekubaliana mambo mawili. Mkia utateremka na kugusa chini ili uwe mhimili wa tatu, na sanamu itasimama juu ya kitako cha mpingo kilichokatwa kutoka kwenye vibanzi vya mzee, kwa bei yake yeye. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, kwa hiyo kipande chembamba tu kinatosha kushusha uzito chini, na pini moja ya chuma itaingia unyayoni.

Saa 8 mchana

Vipande vya asubuhi vimetoka safi. Sasa ni zamu ya viungo, na hapa nina msimamo ambao baadhi ya wakusanyaji hawaupendi: mhusika wa katuni asipewe viungo vingi.

Hoja yangu inaanzia kwenye historia ya midoli hii. G.I. Joe wa mwaka 1964, mwenye urefu wa sentimita 30 hivi, alisifiwa kwa kuwa na sehemu 21 zinazochezeka, na kwake ilifaa, kwa kuwa alikuwa askari mwenye mwili wa binadamu, na nguo za kitambaa zilificha maungio. Sanamu za Star Wars zilizotolewa na kampuni ya Kenner mwaka 1978 zilikuwa na sentimita tisa na nusu hivi, na nyingi zilichezeka sehemu tano tu, yaani shingo, mabega na nyonga, nazo zilipendwa mno. Mwili wa katuni hauna mifupa ya kuufuata. Mfikirie Popeye, baharia wa katuni ambaye mbunifu wake E. C. Segar alimchora kwa mara ya kwanza mwaka 1929: mkono wa chini ni mnene ajabu na wa juu ni mwembamba, na ukitaka kiwiko kichezeke unalazimika kuning'iniza kitu kizito kwenye kijiti. Ukikinenepesha kijiti, si Popeye tena.

Mikono ya komba haina kiwiko kwenye karatasi; hujikunja popote mchoraji anapotaka. Nikiweka kiungo cha tufe linalozunguka ndani ya kikombe chake katikati ya mkono, mstari mmoja ulionyooka hukatwa vipande viwili na uvimbe katikati. Kuna pia suala la nafasi kati ya tufe na kikombe, ambayo ni sehemu ndogo ya milimita: ikibana sana rezini hupasuka, ikilegea mkono hushuka wenyewe, na rangi ikipakwa juu yake huongeza unene na kisha hukwanguliwa kila kiungo kinapozungushwa. Kwa sababu hiyo vipande vya maungio navimimina vikiwa tayari na rangi ndani ya rezini, wala sivipaki brashi.

Saa 10 jioni

Macho hupakwa kabla mwanga haujapungua, na hapa sizungumzi na mtu. Kwenye mchoro, jicho la komba ni duara jeupe tambarare lenye nukta nyeusi, na nukta hiyo humtazama kila msomaji. Juu ya jicho la sanamu lenye umbo la tufe, nukta ileile iliyosogea kwa unene wa unywele humfanya aonekane kengeza au aliyelewa. Viwandani hutumia muhuri laini wa silikoni unaochukua wino na kuuweka mahali palepale kila mara. Mimi nimelipunguza jicho mviringo wake, likawa karibu bapa kama kifuniko cha saa, na nukta nimezielekeza kidogo ndani na chini, kwa sababu sanamu hutazamwa kutoka juu na mtu aliyesimama.

Saa 11 jioni

Ujumbe wa wateja. Ombi linalorudi kila mara ni kutengenezewa wahusika maarufu wa nje, na jibu langu ni lilelile: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mbunifu haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kunakiliwa au kugeuzwa kuwa umbo jingine, na sanamu ni umbo jingine. Mmoja amenikumbusha kwamba Mickey ameshakuwa mali ya umma nchini Marekani tangu tarehe 1 Januari 2024. Nimemweleza kwamba hilo linahusu sura yake ya mwaka 1928, na kwamba sura za baadaye pamoja na alama za biashara ni habari nyingine. Kwa komba tuna mkataba ulioandikwa, wenye idadi ya nakala na mgawanyo wa mapato, na mchoraji ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu umbo.

Saa 2 usiku

Nampigia simu mchoraji akiwa Lindi, nami nimemtumia picha za pande zote. Shingo mpya, iliyopunguzwa kwa ushauri wa mzee, ameikubali mara moja. Viwiko anavitaka.

"Dada, anapanda miti. Asipokunja mkono atapandaje?"

Sikuweza kulipuuza jambo hilo, kwa sababu anamjua komba wake kuliko mimi. Nimemweleza jinsi Wajapani wanaotengeneza Nendoroid tangu mwaka 2006 walivyolishughulikia suala hili kwa vimidoli vya sentimita 10 hivi: badala ya kulazimisha kila kiungo kichezeke, hutoa nyuso na mikono ya kubadilisha, na kila mkono umechongwa ukiwa tayari katika mkao wake, bila kovu katikati. Sisi tutatoa jozi mbili za mikono, moja iliyonyooka na nyingine iliyokunjwa kushika tawi, zote zikichomekwa begani kwa kigingi kimoja. Itamaanisha kalibu zaidi na silikoni zaidi, na bei itapanda kidogo, lakini mzunguko wa umbo utabaki wake.

Amenyamaza kidogo, kisha akasema sawa, ila vidole vya mkono unaoshika tawi viwe vinne. Ameahidi kunitumia michoro ya mkono huo kesho kabla ya saa tatu asubuhi, wa mbele na wa nyuma, na nimemsihi kidole gumba akichore chote bila kukificha nyuma ya tawi.