Maji ya pwani yamekuwa moto, mwani unaozea kwenye kamba

Jana nimeshuka pwani na mama hapa Paje, bamvua, maji yametoka kweli kweli, saa nne hivi jua lishakuwa kali, nikatia mguu kwenye dimbwi karibu na vigingi vyake nikautoa mbio. Moto! Mama wala hakushangaa. Akainua kamba moja akanionesha, matawi yalokuwa ya kahawia yamegeuka meupe, laini, ukiyagusa tu yanakatika yanateleza vidoleni. "Huu ushakufa mwanangu," akasema, akaanza kufungua fundo moja moja ili angalau aokoe kamba.

Kilimo hichi cha mwani kilianza huku mashariki ya Unguja mwaka 1989 na wakulima wengi ni kinamama. Kuna aina mbili za mwani, spinosum na kotonii, na kotonii ndo yenye bei nzuri, ila haivumilii joto kabisa, miaka ya 2000 mwanzoni ikaanza kufa kufa mpaka wengi wakaiacha, wakabaki na spinosum ambayo kilo yake ni hela ndogo sana na sasa hata hiyo inaumwa. Kwetu chumba cha mbele kilijengwa kwa hela ya kotonii. Cha nyuma mpaka leo hakijaezekwa.

Watu wanadhani joto la dunia ni la hewani tu. Mwaka 2024 ndo ulokuwa wa moto kuliko yote tangu vipimo vianze, zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya ilivyokuwa kabla ya viwanda, na lile joto la ziada zaidi ya asilimia 90 linaingia baharini, sasa fikiria maji ya kina cha magoti yakipigwa na jua juu yake. Mama hana gari, ndege anaziona zikipita tu, moshi unaoleta joto hili si wake, wallahi inaniuma sana.

Wataalamu wanasema mwani uhamishiwe maji ya kina, kuna ubaridi. Sawa, lakini mama hajui kuogelea, na wenzake wengi wa umri wake vilevile, hawana hata ngalawa, kwahiyo anaetaka kuwasaidia kweli aanze na boti na mafunzo ya kuogelea, mbegu baadae.

Bamvua ijayo tunasogeza kamba kumi upande wa kina. Mi ntatangulia, yeye atasimama pale maji yanapomfika kifuani anipe kamba.