Siku 60 au mwaka mmoja: nilivyopinga fedha zilizotoka akaunti ya New York nikiwa Tanga

Shemeji aliporudi Tanga aliiacha wazi akaunti yake binafsi ya New York, na kuifuatilia akaniachia mimi. Fedha zilipotoka mara mbili bila idhini yake, swali langu la kwanza lilikuwa zimepita njia gani, kwa sababu njia ndiyo inayoamua una muda gani wa kulalamika.

Kiasi kidogo kilitoka kwa makato ya kielektroniki. Kwa akaunti ya mtu binafsi, sheria ya Marekani inampa mteja siku 60, zikihesabiwa tangu benki ilipotuma taarifa ya akaunti iliyoonyesha kosa kwa mara ya kwanza. Siku uliyolishtukia haihesabiki. Nilizichapa taarifa zote steshenari hapa Ngamiani, nikaandika juu ya kila moja tarehe iliyotumwa, kisha nikahesabu kwenye kalenda.

Tulipiga simu jioni. Benki ya New York inayofungua saa 3 asubuhi kwao, hapa kwetu huwa saa 10 jioni, au saa 11 wakiwa katika majira ya baridi. Shemeji alizungumza mwenyewe, maana benki haimsikilizi asiye mwenye akaunti. Barua tuliituma siku ileile: jina, namba ya akaunti, tarehe, kiasi, na kwa nini anaamini ni kosa. Msiishie kwenye simu. Benki inaweza kudai maandishi ndani ya siku 10 za kazi, na usipoyapeleka haibanwi kukurudishia fedha kwa muda. Ukiyapeleka, ina siku 10 za kazi kuchunguza. Ikitaka kuendelea hadi siku 45, sharti kwanza ikurejeshee fedha kwa muda.

Kiasi kikubwa kilipita kwa waya, yaani benki hadi benki, na huko sheria ni nyingine. Mteja ana mwaka mmoja tangu apate taarifa ya malipo. Lakini akitaka na riba, asichelewe: muda wa kuarifu hauzidi siku 90.

Hapa nilisoma mkataba wa akaunti neno kwa neno, kwani benki nyingine huandika muda mfupi zaidi. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua kesi ya mteja wa Brazili aliyekuwa amesaini mkataba wa kulalamika ndani ya siku 15, ikasema muda ule wa mwaka mmoja haufupishwi kwa mkataba. Kwa akaunti ya jimbo lingine nisingeutegemea uamuzi huo. Ningefuata muda mfupi ulioandikwa.

Wengi hukosea jambo moja: wanajaza fomu ya kuomba waya urudishwe, wanadhani wameshapinga. Ombi hilo hutegemea ridhaa ya upande uliopokea, na laweza kukaa miezi bila jibu huku muda ukiyoyoma. Kwa hiyo barua ya pili tuliitenga, tukaandika waziwazi: “Sikuidhinisha malipo haya, nayapinga, nataka fedha zirudishwe pamoja na riba.” Tuliomba pia namba ya ufuatiliaji ya waya wenyewe, na uthibitisho wa tarehe waliyoipokea barua.

Makato yalirejeshwa kwa muda siku ya tisa ya kazi. Fedha za waya zilichukua wiki kadhaa zaidi, zikarudi na riba yake.