Vipilefti viwili na daftari langu la mkutano

Kwa miaka 17 nimekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, nikiwafundisha watu kuendesha gari. Mahali ambapo mguu huo haujapata kutulia hata siku moja ni njia panda. Kwenye barabara iliyonyooka mwanafunzi akikosea namrekebisha kwa mdomo: punguza, rudi upande wako, tazama kioo. Kwenye njia panda mdomo hauwahi. Yeye bado anatazama kulia, gari limeshatokea kushoto, na kabla sijamaliza kusema "simama" tuko katikati.

Kwa hiyo lilipoletwa pendekezo la kugeuza njia panda mbili za mji wetu ziwe vipilefti, nilikwenda mkutanoni na daftari lile lile ninaloandikia makosa ya wanafunzi. Tulikaa zaidi ya saa tatu. Sauti zilipanda. Mama mmoja alitoka nje akilia, kwa sababu mwanawe aligongwa kwenye mojawapo ya njia panda hizo, na mtu alikuwa amesimama kusema kwamba pale hapajawahi kuwa na tatizo. Niliomba kuzungumza, zamu yangu haikufika. Mkutano wa pili unakuja, na safari hii nataka watu wawe wameshasoma ninachokifikiria kabla hatujaanza kukatizana.

Nianze na njia panda yenyewe. Pale barabara mbili zinapokatana, ukichora mistari ya safari zote zinazowezekana, kwenda moja kwa moja, kukata kulia, kukata kushoto, kutoka pande zote nne, utapata sehemu 32 ambapo mstari mmoja unagusa mwingine. Wahandisi wameshazihesabu, na mimi nimewachorea wanafunzi ubaoni mara nyingi. Kati ya hizo 32, 16 ni za magari kukatana: moja linapita mbele ya pua ya jingine. Ukichora kipilefti cha njia moja, yaani magari yanazunguka kwa mstari mmoja tu, sehemu za kugusana zinabaki 8, nne za kuingia na nne za kutoka. Za kukatana hakuna hata moja.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ajali ya njia panda inaua. Gari linagongwa ubavuni, palipo na mlango mwembamba na kioo, na anayegonga mara nyingi hakukanyaga breki kabisa kwa sababu aliamini ana haki ya kupita. Kwenye kipilefti mnagongana kwa pembe ndogo, mmoja akimparuza mwingine, na wote wawili mkiwa mmeshapunguza mwendo. Mwendo una hesabu yake pia: gari lenye kasi ya kilomita 60 kwa saa lina nguvu ya kugonga mara nne ya lile lenye kilomita 30, wala si mara mbili. Kipilefti kilichochorwa vizuri kinamlazimisha dereva apite kwa kilomita 25 hadi 40 hivi, apende asipende, kwa sababu usukani lazima ugeuzwe.

Idara ya barabara kuu ya Marekani inaeleza kwamba njia panda yenye alama za kusimama kwa barabara ndogo tu ikibadilishwa kuwa kipilefti, ajali zenye vifo na majeruhi hupungua kwa asilimia 82. Ikiwa palikuwa na taa, hupungua kwa asilimia 78. Nawaomba mzisome namba hizo mara mbili, hasa ile ya pili, kwa sababu mkutanoni hoja iliyopigiwa makofi mengi kuliko zote ilikuwa "wekeni taa, mambo yaishe".

Taa hazimalizi. Nimefundisha kwenye taa. Ikiwaka njano, nusu ya madereva wanasimama na nusu wanaongeza mafuta, na wale wanaoongeza mafuta ndio wanaokutana na aliyeanza kuondoka mapema upande wa pili. Umeme ukikatika, njia panda yenye taa inakuwa mbaya kuliko isiyo nazo, maana kila mtu amezoea kuambiwa afanye nini. Halafu saa tano usiku unasimama peke yako kwenye nyekundu, hakuna gari, hakuna mtu, na siku ya tatu unaanza kupita. Kwenye kipilefti hakuna kitu cha kuzimika. Unapunguza, unatazama, ukiona pako wazi unaingia.

Hoja ya pili niliyoandika: "watu wetu hawajui kuvitumia." Hii nimeisikia ikisemwa kwa hasira na nimeisikia ikisemwa kwa woga, na mwenye woga ninamwelewa zaidi. Lakini sheria ya kuingia kwenye kipilefti ni moja tu: aliyeko ndani ana haki, anayeingia anampisha. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, maana yake ni kutazama kulia na kumpisha anayetoka huko. Upande mmoja tu wa kutazama magari. Kwenye njia panda mwanafunzi wangu anatakiwa kutazama pande tatu, akumbuke nani alifika kwanza, na akisie yule wa mbele anakata au ananyoosha. Nimewapitisha watu wenye umri wa miaka 18 na watu waliokwisha kustaafu. Wote walielewa kipilefti ndani ya somo moja. Kinachochelewa ni indiketa: kukumbuka kuiwasha unapotaka kutoka, ili anayesubiri kuingia ajue. Hilo nalipigia kelele kila siku, na nitaendelea.

Lakini ni kweli kwamba sheria hiyo haikuwapo tangu mwanzo, na wazee waliosema mkutanoni kwamba vizunguko vya zamani vilikuwa balaa hawakusema uongo. Kule Letchworth, Uingereza, walijenga kimoja mwaka 1909, na mwanzoni magari yaliweza kukizunguka upande wowote. Baadaye wakaweka vibao vya kuwaambia madereva wabaki kushoto, kwa Kiingereza "keep left", agizo lile lile lililozaa neno letu kipilefti. Marekani nako walijenga vizunguko vikubwa mapema katika karne ya 20, wakampa haki anayeingia. Fikiria hapo: walio ndani wanasimama kuwapisha wanaoingia, wanaoingia wanajaa, walio ndani hawawezi kutoka, na kizunguko kizima kinafunga kama fundo. Waliviacha, na kwa miongo mingi Wamarekani hawakutaka hata kuvisikia.

Aliyefungua fundo hilo alikuwa mhandisi Mwingereza, Frank Blackmore, na wenzake katika maabara ya utafiti wa barabara. Walijaribu sheria ya kinyume, anayeingia ndiye asubiri, na mwezi Novemba 1966 Uingereza ikaifanya kuwa sheria ya nchi nzima. Kila kipilefti cha kisasa duniani kimesimama juu ya sentensi hiyo moja. Kwa hiyo mtu akikwambia kizunguko cha utotoni mwake kilikuwa na foleni isiyoisha, muulize nani alikuwa anampisha nani.

Kuna jambo jingine linalonipa moyo. Watafiti waliwauliza madereva wa miji kadhaa ya Marekani kabla na baada ya vipilefti kujengwa, na waliounga mkono walipanda kutoka asilimia 31 hadi 63. Maana yake, wengi walikipinga kitu hicho kabla hakijakuwapo, na baadhi yao wakageuka baada ya kukipita wenyewe. Mji wa Carmel, katika jimbo la Indiana, ulianza na kimoja katika miaka ya 1990 chini ya meya Jim Brainard, aliyekuwa ameviona akisoma Uingereza. Sasa una zaidi ya 150.

Nimesema yote hayo, na bado kuna kurasa mbili za daftari langu ambazo siwezi kuzifunga kwa namba.

Ya kwanza ni ya mzee asiyeona. Alikaa mstari wa mbele, fimbo yake katikati ya magoti, na alipopewa nafasi alisema maneno machache sana. Alisema kwenye njia panda anasikiliza. Magari ya barabara moja yakinyamaza na ya barabara ya pili yakianza kunguruma, anajua zamu yake imefika. "Sasa wanangu," alisema, "kwenye duara hilo magari hayanyamazi. Mimi nitajuaje?" Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti alishukuru akaita anayefuata.

Swali lake ni la kweli kabisa, na halihusu mji wetu tu. Kila mahali penye vipilefti watu wasioona wamelalamika kwamba sauti ya mzunguko ni mvumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho. Majibu yapo, lakini lazima yachorwe kwenye ramani tangu siku ya kwanza. Kivuko kisiwekwe mdomoni mwa duara bali nyuma kidogo, urefu wa gari moja hivi, ili dereva amalize shughuli ya mtembea kwa miguu kabla ya kuanza kutafuta nafasi ya kuingia. Katikati ya kila barabara kuwe na kisiwa cha kusimama, ili mtu avuke upande mmoja, apumzike, kisha avuke wa pili. Sakafu ya kivuko iwe na vinundu ambavyo fimbo na nyayo zinavitambua. Na kivuko kiinuliwe kama tuta pana ili gari lipande taratibu. Hata watoto wa shule, ambao kila mtu aliwataja, wananufaika na kisiwa hicho kuliko na kitu kingine chochote, kwa sababu mtoto hawezi kukadiria kasi ya magari ya pande mbili kwa mara moja.

Mchoro tulioonyeshwa ulikuwa na kisiwa upande mmoja tu. Pande tatu zilikuwa na rangi nyeupe chini, basi. Kwa mchoro ule, mimi ninayetaka vipilefti kwa moyo wangu wote nitapiga kura ya hapana.

Ukurasa wa pili ni wa malori. Dereva mmoja wa trela alisimama, akanyoosha mikono kuonyesha urefu, akasema tela lake litapanda juu ya bustani na kung'oa maua yote. Watu walicheka. Sikucheka, kwa sababu tela kweli halifuati njia ya kichwa cha lori: magurudumu ya nyuma hukata ndani. Ndiyo maana kipilefti kizuri kina ukanda wa mawe au zege kuzunguka kisiwa cha kati, umeinuliwa kidogo tu. Gari dogo linaukwepa kwa sababu unatikisa, tela linaupanda bila kuharibu kitu. Gari la zimamoto hivyo hivyo. Kipilefti cha njia moja kinachobeba magari makubwa huwa na kipenyo cha mita 27 hadi 46 kutoka ukingo hadi ukingo. Tatizo la njia panda yetu ya pili ni kwamba ukipima kutoka ukuta hadi ukuta nafasi haitoshi, labda wajenge kile kidogo kabisa, ambacho kisiwa chake cha kati ni kibonge cha chini kinachopandika chote. Hicho kinafanya kazi, lakini tu mahali ambapo magari yameshaingia taratibu. Barabara inayokuja pale ni mteremko. Hapo nina shaka kubwa, na ningependa mhandisi anijibu mbele ya watu.

Kosa ninaloliogopa kuliko upinzani wote ni duara la jina. Nimeshaona: wanamwaga zege katikati, wanapaka rangi, na barabara inaingia imenyooka kiasi kwamba dereva anapita pembeni ya duara bila hata kugusa usukani. Anapita na kilomita 60 zile zile. Mkunjo ndio kipilefti. Bila mkunjo umeweka tu kizuizi katikati ya njia panda. Na kama wakishawishika kuweka njia mbili ndani ya duara "kwa ajili ya baadaye", wataturudisha kule kule: watu kuchomekeana, wenye baiskeli kubanwa, mwenda kwa miguu kufichwa na gari lililosimama wakati la pembeni yake linapita. Magari yanayopita kwetu hayakaribii 20,000 kwa siku. Njia moja inatosha.

Kwa hiyo mkutano ujao nitaomba mambo matatu yaandikwe kwenye kumbukumbu: visiwa vya kuvukia pande zote nne, mkunjo wa kuingilia upimwe na kasi yake itajwe kwa namba, na njia panda ya mteremko isiguswe mpaka kipilefti cha kwanza kiwe kimetumika mwaka mzima.

Na yule dereva wa trela nimeshampata. Nimemwambia tukutane Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa wazi ninapofundishia kurudi nyuma. Nina koni 40 na kamba ya mita 30. Tutachora duara lenye kipimo kile kile cha mchoro, yeye azunguke na tela lake, na yeyote anayetaka aje atazame magurudumu ya nyuma yanapita wapi. Mzee wa fimbo naye amesema atakuja, asimame pembeni asikilize.