Wi-Fi ilikuwa inakokota kwenye Ubuntu mpya: nilivyotatua

Jamani, hatimaye! Tangu niweke Ubuntu (mfumo endeshi) kwenye kompyuta yangu, ukurasa mmoja ulichukua karibu dakika nzima kufunguka, ilhali simu pembeni, Wi-Fi ileile, mambo safi. Nikazima na kuwasha ruta, nikabadilisha DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti). Wapi.

Kumbe kadi ya Wi-Fi ilikuwa inasinzia ili kuokoa chaji. Kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), amri ya iw dev wlp2s0 get power_save (wlp2s0 ni jina la kadi yangu) ilijibu: "Power save: on". Fungua faili hili kwa sudo nano (kihariri cha maandishi, kwa ruhusa ya msimamizi):

/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Palipoandikwa wifi.powersave = 3, weka 2. Angalia sana hapa: mwanzoni niliweka 0 nikidhani ndiyo kuzima, kumbe 0 inarudisha mpangilio wa kawaida. Inayozima ni 2. Hifadhi, kisha washa upya huduma inayosimamia mtandao:

sudo systemctl restart NetworkManager

Ping ya ruta (muda wa ujumbe kwenda kwenye ruta na kurudi) ilishuka kutoka milisekunde 300 hadi 3.