Kuondoa safu zenye urefu wa kubadilika kwenye draiva ya kerneli ya Linux

Mnaoandika draiva za vihisi hapa Kampala, Mbarara au Gulu kwa bodi ndogo za ARM, tazameni kama ndani ya funksheni zenu kuna mstari huu: `u8 buf[n];`, yaani safu ambayo urefu wake, n, haujulikani hadi programu inapoendeshwa. Tangu Linux 4.20, mwishoni mwa 2018, kerneli nzima (kiini cha mfumo) hujengwa na onyo la kompaila dhidi ya safu hizi (awali `-Wvla`), kwa hiyo kompaila italalamika, na ina haki.

Shida ni staki, kumbukumbu ndogo ambamo funksheni huweka vigeu vyake vya muda. Kwenye ARM ya biti 32 kila uzi (thread) una staki ya kilobaiti 8 tu ndani ya kerneli, na hazikui. Ikiwa n inatoka kwa mtumiaji au kwa kifaa, namba moja kubwa inatosha kuvuka mpaka na kuharibu data isiyo yako.

Kabla ya kukimbilia `kmalloc`, inayotenga kumbukumbu nje ya staki, jiulize n inaweza kufika wapi. Kama kifaa hakitoi zaidi ya baiti 32, andika `u8 buf[32]`, kisha n ikizidi hapo rudisha `-EINVAL` (kosa la thamani batili). Naipenda njia hii kuliko zote: hakuna kumbukumbu ya kukosa wala ya kuachilia. Lakini usiitumie kwa bafa (kumbukumbu ya kupokelea data) unayoikabidhi `spi_sync`, funksheni ya kuwasiliana na kifaa kwa SPI, maana DMA (kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa) haitakiwi kugusa staki hata kidogo.

Pasipo kikomo cha uhakika:

`buf = kcalloc(n, sizeof(*buf), GFP_KERNEL);`
`if (!buf) return -ENOMEM;`

Usifanye mwenyewe hesabu ya n mara ukubwa ndani ya `kmalloc`. Funksheni `kcalloc` hukagua kama jibu la hesabu hiyo limezidi uwezo wa namba.

Sasa mtego unaowanasa wengi: `i2c_master_recv(client, buf, sizeof(buf))`, inayosoma data ya kihisi kwa I2C. Jana buf ilikuwa safu, `sizeof` ikatoa n. Leo ni pointa (anwani tu ya kumbukumbu), inatoa 4. Kompaila inanyamaza. Unapata baiti 4 sahihi, zinazofuata zote sifuri, na mtu anaanza kubadilisha nyaya za kihisi kisicho na kosa. Pitia kila `sizeof` ya jina hilo, uweke n.

`GFP_KERNEL` inaweza kulala, yaani kusubiri hadi kumbukumbu ipatikane. Ukiwa umeshika spinlock (kufuli isiyoruhusu kulala) au uko ndani ya interapti (kifaa kimeikatiza prosesa), tumia `GFP_ATOMIC`, ambayo hailali. Bora zaidi, tenga mara moja kwenye `probe`, funksheni inayoitwa kifaa kinapopatikana, kwa `devm_kcalloc`, na kama wasomaji ni wengi ulinde bafa hiyo kwa mutex (kufuli inayoruhusu kulala), au kwa spinlock ikiwa inaguswa ndani ya interapti.

Ukitenga ndani ya funksheni, kila `return` iliyo chini ya hapo igeuze iwe `goto out`, penye `kfree(buf)`. Kisha jenga kerneli yenye kmemleak, chombo cha kutafuta kumbukumbu isiyoachiliwa, endesha draiva ukiilazimisha kufeli, andika `scan` kwenye `/sys/kernel/debug/kmemleak`, halafu lisome faili hilo: njia uliyoisahau itaonekana pamoja na jina la funksheni iliyotenga.